Tapi, Mkeka au Zulia? Jina la Kitu Litafutwe Sakafuni

Katika kitivo chetu tumezoea kutafuta maneno mezani. Mwalimu anaandika neno la Kifaransa ubaoni, sisi tunafungua kamusi, mmoja anapendekeza neno la pwani, mwingine analeta neno la Kibantu lenye sura nzuri, tunapiga kura, na saa ya somo inakwisha. Maoni yangu ni kwamba njia hiyo inatupatia maneno mengi yasiyofanya kazi. Jina la kitu linapaswa kutafutwa pale kitu kilipo: sokoni, jikoni, shambani au, kama katika mfano nitakaoueleza, chini sakafuni.

Mfano wangu ni mdogo, na kuna watakaoucheka: ni ule utepe wa majani bandia ambao wachezaji wa gofu hutandika nyumbani ili kufanya mazoezi. Mwaka huu mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo alipokea katoni za vifaa vya michezo kutoka Guangzhou, zilizopita Mombasa, Kampala na Kasindi kama bidhaa nyingi za mji huu. Juu ya katoni kadhaa kulikuwa na maandishi ya Kichina, ya Kiingereza “putting mat”, na ya Kifaransa “tapis de putting”. Mama alitaka karatasi ya maelezo kwa Kiswahili: kitu hiki ni nini, mtu achague kipi kati ya aina tatu alizonazo, na akitunze vipi. Alikuja kitivoni kuomba msaada, na wanafunzi wanne wa isimu tukapewa kazi hiyo. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Wenzetu waliuliza mara moja: nani anacheza gofu Butembo? Ni swali halali. Butembo na Beni hazina uwanja wa gofu. Nchini mwetu klabu zinazojulikana ziko Kinshasa na Lubumbashi, na kutoka hapa safari hiyo ni ya ndege. Viwanja vilivyo karibu zaidi viko Uganda: ukivuka Kasindi na Mpondwe unafika Kasese, ambako penye migodi ya shaba ya Kilembe pana uwanja mdogo, na ukiendelea mbele kuna klabu ya Toro mjini Fort Portal. Lakini ukosefu wa uwanja ndio unaouza bidhaa ya yule mama. Wateja wake ni watu waliojifunza mchezo huu mahali pengine na sasa wanaishi hapa: madaktari, wahandisi wa Kenya na Uganda, watumishi wa mashirika, na Watanzania waliofika Beni na kikosi cha Umoja wa Mataifa, ambao kwao wanajua uwanja wa Lugalo wa jeshi lao jijini Dar es Salaam. Jioni watu wa hapa hujifungia mapema, kwa sababu ambazo sina haja ya kumweleza msomaji wa Beni. Mtu aliye ndani ya nyumba tangu saa kumi na mbili hutafuta la kufanya.

Angalieni sasa wasomaji wa karatasi yetu ni akina nani. Kuna Mnande wa Butembo anayeuza, Mkenya anayenunua, Mtanzania anayeuliza bei, na mtoto wa duka anayefungua katoni. Wote wanakutana katika Kiswahili, na hakuna hata mmoja anayesema Kiswahili kile kile cha mwenzake.

*Mchezo na maneno yake*

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, nieleze kidogo. Uwanja kamili una mashimo 18. Mchezaji huurusha mpira kwa fimbo kutoka mbali mpaka aufikishe kwenye eneo la nyasi fupi sana linalozunguka shimo. Hapo anabadilisha fimbo, na mchezo wenyewe unabadilika: mpira haurushwi tena, unabingirishwa ardhini mpaka utumbukie. Shimo lina kipenyo cha milimita 108, na mpira haupungui milimita 42.67. Hesabu ya kawaida ya uwanja wa mikwaju 72 humpa mchezaji mapigo mawili ya kubingirisha kwa kila shimo. Mara 18 ni 36, yaani nusu ya mchezo. Nusu hiyo ndiyo inayoweza kufanyiwa mazoezi chumbani bila kuvunja kioo cha dirisha.

Nimeandika “mikwaju”, na neno hilo linatufundisha jambo. Magazeti ya Tanzania hulitumia kila yanapotoa matokeo ya gofu: fulani ameshinda kwa mikwaju kadhaa. Mkwaju ni mti kwanza, ule wenye matunda machachu, ukwaju. Fimbo nzuri hukatwa kwenye mti huo, basi fimbo nayo ikaitwa mkwaju. Baadaye pigo la fimbo likachukua jina hilo, na leo hata penalti ya mpira wa miguu, isiyo na fimbo yoyote, ni mkwaju. Neno limetembea kwa miguu yake kutoka shambani hadi uwanjani, kwa sababu wasemaji walifuata kazi ya kitu.

Waingereza wenyewe wamepata somo hilo hilo katika bara letu. Eneo la nyasi fupi wao wanaliita kwa jina la rangi ya kijani. Lakini katika viwanja vingi vya Afrika, zama za ukoloni na hata baadaye, nyasi laini za namna hiyo hazikupatikana, basi mahali pake palitandazwa mchanga uliochanganywa na mafuta, ukafagiwa kabla ya kila mchezo. Wachezaji hawakuendelea kuuita mchanga ule kijani. Waliuita kwa jina la rangi ya kahawia. Ikiwa wenye mchezo walibadilisha jina walipobadilishiwa kitu chini ya miguu yao, sisi tunaogopa nini?

*Tulivyokitazama kitu chenyewe*

Katika kikao chetu cha kwanza, kitivoni, yalitokea makundi matatu. La kwanza lilitaka *mkeka wa gofu*, kwa kuwa mkeka ni neno la Kibantu na kila mtu analijua. La pili lilitaka *zulia la gofu*, kwa kuwa ndivyo kamusi inavyofasiri *tapis*. La tatu lilisema watu wa hapa wanasema *tapi*, na mjadala ufungwe. Tulibishana saa mbili, na katika saa hizo hakuna aliyekuwa amekigusa kitu chenyewe. Siku iliyofuata tulishuka kwenye depo la mama. Mhandisi mmoja Mkenya, mteja wake, alikubali kutuonyesha jinsi anavyochagua. Yafuatayo ni mambo matano aliyotufundisha, na ninayaeleza kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyoamua maneno.

La kwanza ni kasi. Sehemu moja mpira unakwenda haraka, nyingine unachelewa, na mkono unaozoea kasi isiyo ya kweli utapotea siku ya mchezo. Kuna kipimo cha jambo hili. Mwaka 1935 Mmarekani Edward Stimpson alibuni mfereji mwembamba wa mbao wa kuachilia mpira kutoka kimo kimoja kila mara, kisha kupima umbali unaosafiri kwenye nyasi. Miaka ya 1970 chama cha gofu cha Marekani kiliukubali ubunifu huo, kikautengeneza kwa alumini. Umbali husomwa kwa futi: viwanja vingi vya kawaida viko kati ya 8 na 10, na vya mashindano makubwa hufika 12 au 13. Mhandisi hakuwa na kifaa hicho. Alichukua kipande cha chuma cha pembe, akakiegemeza juu ya tofali, akaachilia mpira mara tatu kwenye kila utepe na kupima kwa futi kamba. Kipimo hicho cha depo hakitoi namba rasmi, lakini kinatosha kulinganisha, na tofauti kati ya aina tatu za mama ilionekana wazi. “Chagua unaofanana na mahali utakapocheza,” alisema. “Usichague unaokufurahisha.”

La pili ni nyuzi. Utepe huu umesimamishwa nyuzi fupi, na nyuzi hizo zina upande zinakolalia. Ukipitisha kiganja upande mmoja unateleza, ukirudisha unakwaruza. Mpira unaokwenda na mlalo wa nyuzi unakwenda mbali kuliko unaokwenda kinyume. Utepe mbaya una nyuzi ndefu zilizolala ovyo, na mpira unayumba kabla ya kufika. Mtu anayenunua apitishe mkono kwanza.

La tatu ni urefu. Wengi hudhani mrefu ndio bora. Lakini hata wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kutoka futi 8, ambazo ni karibu mita mbili na nusu, hufaulu takriban mara moja katika mbili. Kama hao wanakosa nusu, basi utepe wa mita tatu una kazi ya kutosha kwa maisha ya mtu wa kawaida, na unaingia sebuleni bila kuhamisha viti. Wa mita tano utaishia kukunjwa nyuma ya kabati.

La nne ni shimo la mwisho. Katika aina ya bei rahisi shimo haliko chini. Liko juu ya kilima kidogo, na mpira hulazimika kupanda ndipo uingie. Kwa mtoto ni mchezo mzuri. Kwa anayejifunza ni mwalimu mbaya: anauzoeza mkono kupiga kwa nguvu kupita kiasi, na uwanjani mpira utalipita shimo. Afadhali utepe uliochorewa duara tu, au uliokatwa tundu mwishoni.

La tano ni sakafu na mikunjo. Utepe ulio bora hausaidii juu ya sakafu inayoinama. Nyumba zetu nyingi zina sima iliyomwagwa kwa mteremko mdogo ili maji ya kuosha yatoke mlangoni. Hili ni jambo jema kwa usafi, lakini mpira unavutwa pembeni. Pimamaji, ambayo mafundi wetu huiita nivo, itakuonyesha upande uliolingana. Tena kuna mikunjo. Katoni moja ilifika na utepe uliopindwa mara nne ili uingie, na kila mahali ulipopindwa mpira uliruka. Butembo iko juu, kwenye baridi, mpira wa chini ya utepe unakuwa mgumu na alama hazitoki upesi. Tulipoupeleka Beni, kwenye joto, tukautandaza juani nusu siku, ulilala vizuri zaidi.

*Maneno mbele ya kitu*

Baada ya siku hiyo, mabishano yetu ya kitivoni yalijimaliza yenyewe.

Kiswahili kina jamii kubwa ya vitu vya kutandika, na kila kimoja kimepewa jina kwa kazi yake. Mkeka umesukwa kwa ukindu au milala, ni wa kukalia na kulalia. Jamvi ni zito, la kukaliwa na watu wengi, ndiyo maana tunasema baraza limekunja jamvi. Msala ni wa kusalia. Busati ni la heshima. Zulia lina manyoya, na ni la kukanyagwa. Aliyezitunga tofauti hizo hakuwa mezani. Alikuwa na mgeni mlangoni na alitaka kujua amtandikie nini.

Sasa weka mpira wa gofu juu ya mkeka wa ukindu. Sisi tuliuweka. Unaruka juu ya kila ukili, unakwenda kombo, unasimama. Mkeka hauna nyuzi zinazolala, na nyuzi ndilo jambo la pili katika yale matano. Anayekiita kitu hiki mkeka anamficha mnunuzi sifa ambayo mkono wake unapaswa kuikagua. Mama mwenye mali alilisema hili kabla yetu, kwa Kiswahili chake, tulipomsomea pendekezo la kwanza: “Batoto, ile haiko mukeka. Mukeka inasukiwa. Hii iko na manyoya, iko tapi.” Nimesoma kurasa nyingi za nadharia ya istilahi ambazo hazikufikia usahihi wa sentensi hizo.

Mkeka una tatizo jingine, la upande wa wasomaji. Kule Tanzania na Kenya, vijana huita mkeka ile orodha ya mechi wanazobashiri kwa pesa, na “mkeka umechanika” maana yake pesa zimekwenda. Watanzania pia huita mkeka orodha ndefu ya majina ya walioteuliwa na Rais. Mtanzania wa Beni alipoona rasimu yenye maneno “mkeka wa gofu” aliuliza kama tumeanzisha kamari. Neno linalodhaniwa kuwa salama kuliko yote kwa sababu ni la asili ndilo lililoleta mkanganyiko.

Limebaki zulia na tapi. Kuna mwalimu wetu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliyesema zulia ni Kiswahili na tapi ni uchafu wa Kifaransa. Hapa naomba ruhusa ya kupinga. Zulia limetoka Kiarabu, na katika nchi za Ghuba bado liko hai kwa sauti karibu hiyo hiyo. Busati nalo limetoka Kiarabu. Watu wa pwani walichukua jina kwa waliowaletea kitu, na watu wa Kivu wakafanya vile vile. Tofauti ni bandari na karne. Ikiwa mkopo wa kwanza ni utajiri, wa pili hauwezi kuwa aibu kwa sababu tu haujaingia katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kwenye karatasi ya mama tuliandika yote mawili: *zulia* katika maelezo, *tapi* katika kichwa cha habari kinachobandikwa mlangoni mwa duka. Mkenya anaelewa la kwanza, mtoto wa duka anaelewa la pili, na kila mmoja anamfundisha mwenzake anapolipa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kitenzi: zulia la kufanya nini? Mwenzetu mmoja alipendekeza *kulenga*, na kwa sarufi alikuwa sahihi kabisa. Kiswahili hutaja chombo kwa kitenzi cha kutendea: kisu cha kukatia, chungu cha kupikia, basi zulia la kulengea shabaha. Tuliipeleka rasimu Beni, kwenye familia iliyotupokea. Baba wa nyumba aliisoma kimya, kisha akasema: “Hapa kwetu, bana yangu, neno hilo liko na risasi ndani.” Hakuwa anatania. Mji huu na vijiji vyake umehesabu mauaji tangu Oktoba 2014. Kamusi haiwezi kuonyesha kwamba neno fulani, katika mji fulani, linamfanya mtu atazame mlango. Msomaji ndiye anayejua, na hajui mpaka aulizwe.

Tena kulenga hakukuwa neno la kazi yenyewe. Kila mkwaju wa gofu unalengwa. Kinachotofautisha huu ni kwamba mpira hauondoki ardhini, unabingirika. Basi tukaandika *zulia la kubingirishia mpira wa gofu*, na kwa mlango wa duka *tapi ya kubiringishia*, kwa kuwa kinywa cha hapa husema biringisha. Ni jina refu, na litajifupisha lenyewe likitumika. Lakini asiyejua gofu akilisoma anajua kitu hicho kinafanya nini, jambo ambalo Mfaransa akisoma “tapis de putting” halipati, kwa kuwa yeye mwenyewe amekopa neno bila kulifungua.

La mwisho lilikuwa onyo la kutunza. Tuliandika “usikunje”. Mtoto wa duka akauliza: “Nisipoikunja, nitaibeba aje?” Alikuwa na haki. Katika Kiswahili tunakunja karatasi, na tunakunja mkeka, lakini mikono haifanyi kitendo kimoja: karatasi inavunjwa mstari, mkeka unaviringwa. Kitenzi kimoja kimebeba kitendo kinachoharibu zulia na kile kinacholihifadhi. Tukaandika: “Liviringe kama mkeka, usilipinde kama karatasi.” Hivyo mkeka, uliokataliwa kama jina, ulirudi kama maelekezo, na hapo hakuna aliyekosea maana yake, kwa kuwa hakuna mtu wa hapa asiyejua mkeka unavyosimamishwa pembeni asubuhi.

*Kwa nini jambo dogo hili ni kubwa*

Najua hoja itakayoletwa. Nchi ina shida nyingi, na wanafunzi wanne wanatumia wiki mbili kwa ajili ya zulia la mchezo wa matajiri. Jibu langu ni kwamba udogo wa jambo ndio faida yake. Tukikosea jina la zulia, mtu atarudisha bidhaa dukani. Kuna maneno ambayo kukosewa kwake hakurudishwi.

Sote tunakumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imefika Mangina, karibu na Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi nchini mwetu, ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, na uliua watu zaidi ya 2,200. Waliokuja kutusaidia walikuja na maneno yao. Timu zao ziliitwa *riposte*, neno la Kifaransa la mwenye upanga anayerudisha pigo, na watu waliokuwa wamechoka na mapigo walilisikia kama lilivyo. Mabango mengine yaliandikwa Kifaransa, mengine Kiswahili sanifu kilichotungwa mbali. Watafiti wa lugha wa shirika la Watafsiri Wasio na Mipaka waliofanya kazi Beni na Goma wakati huo walisikia watu wakiomba jambo moja: maelezo kamili, kwa maneno ya kwao, yanayoeleweka. Sisemi kwamba neno moja liliua mtu. Kutoaminiana kulikuwa na mizizi mingi. Nasema kwamba nafasi ya lugha katika shida ile ilikuwa ya wanaisimu kuijaza, na vitivo vya lugha vya mkoa huu vilikuwa hapa hapa.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na tangu 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiswahili kinavuka mipaka pamoja na malori. Hayo ni mema kwenye karatasi. Lakini bado sisi tunaandika tasnifu zetu juu ya Kiswahili kwa Kifaransa, na tunaposema istilahi tunamaanisha orodha ya safu mbili. Siku daktari, mwanasheria au mkulima atakapokuja na hitaji kama la yule mama, tutampa orodha hiyo, naye hataitumia.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa walimu na wenzangu. Kwanza, katika somo la istilahi, pasipendekezwe neno na mtu ambaye hajakiona kitu kikitumika. Kama ni mashine ya kusaga mihogo, twende kinuni. Kama ni fomu ya benki, tupange foleni. Pili, kila rasimu isomwe na watu wasiopungua watatu watakaoitumia, na walau mmoja asiwe wa mji wetu, kwa kuwa Butembo haijui Beni inasikia nini, na zote mbili hazijui Dar es Salaam inacheka nini. Tatu, neno la soko lisikataliwe kwa kuwa limetoka Kifaransa, wala lisikubaliwe kwa kuwa ni la kwetu. Liulizwe swali moja: je, linamsaidia mtu kukijua kitu na kukitumia vizuri?

Kuna atakayesema kwamba kwa njia hii tutakuwa na Kiswahili kingi kuliko kimoja. Tayari kiko kingi. Kazi ya kitivo si kujifanya hakioni. Kazi yake ni kuwajua wasemaji wote kiasi cha kuandika ukurasa mmoja ambao Mnande, Mkenya na Mtanzania wataufuata bila kuulizana. Ukurasa huo unawezekana. Mmoja umebandikwa mlangoni mwa duka, una mistari kumi na miwili, na mama ametuambia sasa kuna kazi ya pili inayotungoja: majiko ya gesi, yenye maonyo ya moto yaliyoandikwa Kichina peke yake.